Pampu ya insulini inajua dozi, haijui ulichokula

Na Mwandishi Wetu

Ukurasa mmoja wa daftari la mtu anayevaa pampu ya insulini unaweza kusomeka hivi:

"Alhamisi. Saa 1:10 asubuhi, sukari 6.4. Chai ya maziwa bila sukari, chapati moja; gramu 35 za wanga, uniti 3.5. Saa 3:15, sukari 8.9. Saa 7 mchana, 7.1. Wali wa nazi na samaki, gramu 70, uniti 7. Saa 9:15 alasiri, 7.8. Saa 12 jioni, 13.6. Sijala kitu tangu mchana. Nimeongeza uniti 2.5. Seti nilibadili jana usiku, tumboni kushoto."

Huo ni mfano wa siku ya kawaida, wala hauna la ajabu. Sasa itazame siku hiyo hiyo kama ilivyohifadhiwa na mashine. Pampu itaonesha uniti 3.5, uniti 7 na uniti 2.5, kila dozi na dakika yake. Kihisi cha sukari kilichobandikwa mkononi kitachora mstari uliotulia mchana, kisha ukaanza kupanda alasiri hadi jioni.

Daktari anayeutazama mstari huo kwenye kompyuta ataona sukari ilipanda. Hataona kwamba mchana ule kililiwa chakula cha tui zito, na kwamba mafuta huchelewesha wanga tumboni, hivyo sukari ya wali ikafika kwenye damu wakati insulini ya saa 7 imekwisha kufanya kazi yake. Akikosa habari hiyo, anaweza kupandisha insulini ya alasiri kwa siku zote za wiki. Siku mgonjwa atakapokula ugali na mchicha, sukari yake itaporomoka.

Hapo ndipo penye mjadala. Pampu na vihisi vya leo vinarekodi vyenyewe, usiku na mchana, bila kalamu. Je, mvaaji wa pampu ana haja gani ya kuendelea kuandika?

Insulini bila akiba

Mwenye kisukari aina ya kwanza hana insulini yake mwenyewe, au anayo kidogo mno, kwa sababu kinga ya mwili imeziharibu seli za kongosho zinazoitengeneza. Bila insulini ya kutoka nje hawezi kuishi. Wengi duniani hujidunga sindano kadhaa kwa siku. Pampu inachukua nafasi ya sindano hizo.

Pampu ya kawaida ina ukubwa wa simu ndogo ya vitufe. Ndani yake kuna kichupa cha insulini, mota na betri. Mrija mwembamba hutoka humo hadi kwenye kanula, yaani kijirija laini kinachokaa chini ya ngozi ya tumbo, paja, kiuno au mkono. Zipo pia zisizo na mrija, ambazo hubandikwa mwilini zenyewe. Kanula hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu, na kila mara huhamishiwa mahali pengine.

Insulini hutoka kwa njia mbili. Kuna dozi ya msingi, matone madogo yanayoingia mwilini saa 24 kwa kiwango kinachopangwa saa kwa saa. Mtu anaweza kuwekewa uniti 0.6 kwa saa usiku wa manane na uniti 0.9 kuelekea alfajiri, kipindi ambacho homoni za mwili huipandisha sukari hata ya mtu aliyelala na njaa. Halafu kuna dozi ya mlo, ambayo mvaaji huiagiza mwenyewe kwa kitufe baada ya kukadiria gramu za wanga zilizo kwenye sahani.

Insulini inayotiwa ndani ya pampu ni ya kasi peke yake, na jambo hili kila aliye karibu na mvaaji anapaswa kulielewa. Anayejidunga sindano ana insulini ya muda mrefu iliyobaki mwilini. Mvaaji wa pampu hana akiba hiyo. Kanula ikikunjika usiku, ndani ya saa chache sukari hupaa, ketoni hujikusanya kwenye damu, na mtu anaweza kuamka anatapika. Ndiyo maana wavaaji hufundishwa kwamba sukari ikivuka milimoli 14 kwa lita bila sababu ya kueleweka, wapime ketoni, wajidunge kwa sindano, kisha wabadili seti nzima, yaani kanula na mrija wake.

> Pampu huhesabu insulini iliyotoka kwenye kichupa. Haina njia ya kujua kama imefika mwilini.

Pampu hupiga king'ora mrija ukiziba. Lakini kanula ikichomoka na insulini ikamwagikia nguo, hakuna shinikizo wala king'ora. Rekodi ya mashine itaonesha dozi zote zimetolewa kwa wakati wake.

Wagonjwa walivyoanza kujiandikia

Insulini ilidungwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza Januari 1922 huko Toronto, Kanada, kwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14. Tangu miaka hiyo kalamu ilikuwa sehemu ya tiba. Elliott Joslin, daktari wa Boston aliyewafundisha wagonjwa wake kama walimu wanavyofundisha darasani, alisisitiza wapime chakula, wapime mkojo na kuweka kumbukumbu. Mkojo ulichemshwa na dawa, rangi ikatazamwa: bluu maana yake hakuna sukari, nyekundu ya tofali maana yake imejaa. Rangi hiyo ilieleza mambo ya saa kadhaa zilizopita, lakini hapakuwa na kipimo kingine cha nyumbani.

Aliyegeuza mambo hakuwa daktari. Mwaka 1969 Richard Bernstein, mhandisi wa New York aliyeugua kisukari tangu akiwa na umri wa miaka 12, aliona tangazo la mashine mpya ya kupima sukari kwenye tone la damu. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo moja na nusu, bei yake dola 650, na iliuzwa kwa madaktari na hospitali tu. Mkewe alikuwa daktari, hivyo ikaagizwa kwa jina lake.

Bernstein akawa anajipima mara kadhaa kwa siku na kuandika. Kumbukumbu zake zikamwonesha sukari inayopanda na kushuka vibaya ndani ya siku moja, jambo ambalo hakuna daktari wake aliyewahi kuliona. Akabadili dozi na chakula kwa kufuata alichoandika, na hali yake ikatengemaa. Majarida ya tiba yalipoikataa makala yake, alijiunga na chuo cha udaktari akiwa na umri wa miaka 45. Alifariki mwaka 2025 akiwa na miaka 90, umri ambao wachache walioanza kuugua miaka ya 1940 waliufikia.

Pampu nayo ilikuwa inakua pembeni. Ile ya Arnold Kadish wa Los Angeles, mwaka 1963, ilibebwa mgongoni kwa ukubwa wake. Mwaka 1978 madaktari wa Guy's Hospital, London, walichapisha matokeo ya wagonjwa waliovaa pampu ndogo ya kuingiza insulini chini ya ngozi mfululizo.

Ushahidi mkubwa ulikuja mwaka 1993. Utafiti wa Marekani na Kanada uliowafuatilia watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza ulionesha kwamba waliotibiwa kwa ukaribu, kwa pampu au sindano tatu na zaidi, wakijipima angalau mara nne kwa siku na kurekebisha dozi kwa kufuata vipimo hivyo, walipunguza hatari ya kuanza kuharibika macho kwa asilimia 76. Gharama yake ni kwamba sukari kushuka vibaya kuliwatokea mara tatu zaidi ya wenzao waliopata tiba ya kawaida.

Wengi wakiisoma taarifa hiyo hukumbuka pampu. Mimi naona uzito uko kwenye maneno haya: kurekebisha dozi kwa kufuata vipimo. Hilo haliwezekani kwa mtu ambaye hana pa kuvisoma vipimo vyake.

Daftari lililosema uongo

Wanaotaka daftari liachwe wana hoja nzito, na ya kwanza ni ya uaminifu.

Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, akiwamo Roger Mazze, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wagonjwa walipewa vipima sukari vyenye kumbukumbu ya siri ndani yake. Wagonjwa waliendelea kuandika kwenye madaftari yao kama kawaida. Watafiti walipolinganisha, madaftari na mashine hazikuafikiana. Kulikuwa na vipimo vilivyoandikwa ambavyo havikuwahi kupimwa, na vipimo vibaya vilivyofichwa.

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya kisukari anafahamu hali hii. Kijana anaandika wiki nne za vipimo usiku mmoja, kwa kalamu ya rangi moja na mwandiko usiotikisika, namba zote kati ya 5 na 8. Anajua akipeleka 17 atagombezwa mbele ya mama yake. Daftari limegeuka cheti cha shule.

Kosa hilo silibebeshi watoto. Namba ya sukari ni taarifa, na anayeipokea kwa ukali anafundisha watu kumletea taarifa za uongo. Siku hizi hata wataalamu wengi wanaepuka kusema sukari "nzuri" na sukari "mbaya", wanasema iko juu, iko chini au iko sawa. Mabadiliko hayo yamechelewa kufika kwenye vyumba vingi vya daktari, na nyumbani ndiko yamechelewa zaidi.

Mazze hakuishia kulalamika. Mwaka 1987, yeye na wenzake walieleza namna ya kukusanya vipimo vya siku nyingi na kuvichora kama siku moja, ili daktari aone ni saa zipi sukari huelekea kupanda au kushuka. Mchoro huo ndio unaotoka leo kwenye programu za vihisi vya sukari duniani kote.

Nani ataandika namba 288?

Hoja ya pili ni ya uchovu. Vihisi vingi husoma sukari kila baada ya dakika tano, sawa na mara 288 kwa siku. Hakuna binadamu wa kuandika hayo. Mashine pia hupiga hesabu ambayo daftari haliwezi: ni asilimia ngapi ya siku sukari imekaa kati ya 3.9 na 10, kipimo ambacho wataalamu wa kimataifa walikubaliana mwaka 2019 kwamba kwa watu wazima wengi kifikie zaidi ya asilimia 70.

Teknolojia imesonga zaidi. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha pampu ya kwanza inayopokea taarifa za kihisi na kurekebisha dozi ya msingi yenyewe. Uingereza iliamua Desemba 2023 kwamba mifumo ya aina hiyo itolewe kwa wagonjwa wengi wa aina ya kwanza kupitia huduma ya afya ya umma, na utekelezaji ukaanza Aprili 2024. Wazazi waliokuwa wakiamka mara mbili usiku kumpima mtoto sasa wanalala. Ukimwambia mzazi huyo arudi kwenye daftari la kuandika kila kitu, unamwonea.

Nakubaliana nao kwa hilo. Namba ziachiwe mashine. Lakini mingi ya mifumo hiyo mipya bado inamtaka mtu aiambie anakula wanga kiasi gani kabla ya kula. Bado kuna mambo ambayo mwenye mwili peke yake ndiye anayeyajua.

Yanayotokea nje ya mashine

Chakula ndicho cha kwanza. Wali uliopikwa una takriban gramu 28 za wanga kwa kila gramu 100, lakini ni nani kwetu anayepakua kwa gramu? Tunapakua kwa upawa na kwa macho. Ugali una tabu yake: ule mgumu wa kukatika kwa uzi na ule laini wa kumlisha mgonjwa haviwezi kuwa na wanga sawa kwenye tonge moja, kwa sababu maji hayalingani. Orodha za kimataifa zilizojazwa kwenye programu za simu zina mkate, pizza na viazi vya kukaanga. Ukitafuta magimbi ya nazi hukuti kitu.

Tanzania ina majedwali yake ya virutubisho vya vyakula, yaliyochapishwa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa chuo cha tiba cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na chuo kikuu cha Harvard. Kenya ilitoa yake mwaka 2018. Ni kazi nzuri isiyotumika inavyostahili. Mvaaji wa pampu anayejua kuyasoma, akapima sahani zake za kawaida kwa mizani ya jikoni kwa wiki moja na kuandika, anapata orodha ya nyumbani kwake ambayo hakuna kampuni itakayomtengenezea.

Turudi kwenye ule wali wa nazi. Mara moja haitoshi kutoa hukumu. Lakini daftari likionesha milo minne ya wali wa nazi, na mara zote nne sukari iko sawa baada ya saa mbili na juu baada ya saa tano, mtu ana jambo la kumpelekea daktari. Pampu nyingi zinaweza kugawa dozi ya mlo: sehemu iingie papo hapo, iliyobaki isambazwe kwa saa mbili au tatu. Wataanza labda na sehemu sita kwa kumi mwanzoni, wataandika, watatazama tena. Mpango huo huenda ukafaa pia kwa pilau na biriani. Anayejidunga sindano hawezi kuigawa dozi yake namna hiyo kwa urahisi, na ni moja ya faida kubwa za pampu. Wengi hawaitumii kwa sababu hawana kumbukumbu ya kuwaambia lini itumike.

Kuna mahali pa kuchomeka kanula. Mtu akipenda upande mmoja kwa sababu hauumi, ngozi hujenga uvimbe laini wa mafuta, na insulini ikiingia humo hufyonzwa ovyo. Mashine haiandiki kama ni tumboni kushoto au pajani kulia. Ukiandika maneno mawili tu kila unapobadili seti, baada ya mwezi utajua kama sukari hupanda kila unapotumia sehemu fulani.

> Joto la Mombasa na Dar es Salaam haliandikwi na pampu yoyote, lakini huonekana kwenye sukari.

Kuna joto. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Insulini iliyo ndani ya pampu hukaa juu ya mwili, chini ya nguo, kwenye daladala ya saa 8 mchana. Maelekezo ya insulini za kasi yanasema ikipita nyuzi 37 itupwe. Kuandika tarehe ya kufungua chupa na siku ya kujaza pampu ni kazi ya nusu dakika. Sukari ikikataa kushuka kwa siku mbili mfululizo, tarehe hiyo ndiyo inayokusaidia kujua kama tatizo ni dozi au ni dawa iliyoharibika.

Ongeza malaria na homa nyingine, siku za hedhi, kutembea kwa miguu kwa sababu usafiri umegoma, msiba uliokulaza mkekani na kukulisha saa 5 usiku. Mambo haya hupindua sukari, na kwenye mchoro wa mashine yote yanafanana.

Saa mbili ya nani?

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna hatari moja ambayo vitabu vya maelekezo vya Ulaya haviitaji. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo; pampu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Anayeandika "saa 2 usiku" kwenye daftari anazungumzia 20:00 ya pampu. Daktari akilinganisha kurasa na mashine kwa haraka, dozi ya chakula cha jioni inaweza kusomwa kama ya usiku wa manane.

Linalotisha zaidi ni saa ya pampu yenyewe kuwekwa kinyume, mchana ukawa usiku, baada ya kubadili betri au kuanzisha pampu upya. Dozi kubwa ya alfajiri itatoka jioni, na ile ndogo ya usiku itatoka mchana, bila king'ora chochote. Anayesafiri naye asisahau: Muscat iko saa moja mbele ya Nairobi na Dar es Salaam, Lubumbashi na Bujumbura ziko saa moja nyuma. Ushauri wangu ni kuandika daftari kwa saa 24, kama pampu, hata kama mdomoni tunaendelea kusema saa zetu.

Daku, futari na daftari

Mwenye kisukari aina ya kwanza huwekwa kwenye kundi la hatari kubwa wakati wa saumu, na wengi hushauriwa wasifunge. Hata hivyo wapo wanaofunga, na ni bora wafunge chini ya uangalizi kuliko kwa siri.

Pampu ina faida hapa, kwa sababu dozi ya msingi inaweza kupunguzwa saa za mwisho kabla ya magharibi, pale sukari inapoelekea kushuka, na kuongezwa baada ya futari. Lakini ipunguzwe kiasi gani? Jibu liko kwenye kumbukumbu za siku kadhaa za kujaribu kabla ya mwezi kuandama: saa ya daku, kilicholiwa, sukari ya adhuhuri, sukari ya alasiri. Miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani inataka mtu afungue papo hapo sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, na inaeleza wazi kwamba kujipima damu hakubatilishi saumu.

Futari ya tende, uji wa sukari, kaimati na mihogo ya nazi kwa mkupuo mmoja ni mtihani hata kwa pampu ya kisasa. Aliyeandika Ramadhani iliyopita anaanza ya mwaka huu akijua alipokosea.

Kwetu, pampu ni chache

Ukweli ni kwamba Afrika Mashariki wavaaji wa pampu ni wachache mno. Kifaa chenyewe ni ghali, na seti za kubadilisha kila siku mbili tatu ni gharama isiyokwisha. Watoto wengi wenye kisukari hutegemea insulini ya sindano, baadhi yao kupitia miradi ya misaada kama Changing Diabetes in Children, ulioanza mwaka 2009 na kufanya kazi Tanzania, Uganda na Kenya miongoni mwa nchi nyingine. Vijiti vya kupimia vyenyewe huhesabiwa kimoja kimoja.

Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza mjadala huu unatuhusu nini. Unatuhusu kwa sababu asiye na kihisi wala pampu ana daftari tu, na linamfanyia kazi akilitumia kwa akili. Mwenye vijiti viwili kwa siku asipime saa zile zile kila siku. Leo apime kabla na baada ya kifungua kinywa, kesho kabla na baada ya chakula cha mchana, keshokutwa jioni na kabla ya kulala. Baada ya wiki mbili atakuwa na picha ya siku nzima.

Tena kipimo cha HbA1c, kinachoonesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, kinaweza kudanganya kwa mtu mwenye selimundu au upungufu mkubwa wa damu, na maradhi hayo si mageni kwetu. Kwa watu hao vipimo vya kila siku vilivyoandikwa vina uzito kuliko jibu la maabara.

Na gharama ya kukosa ufuatiliaji tunaijua. Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili waliwafuatilia wagonjwa wapya 1,250 waliogunduliwa Dar es Salaam kati ya mwaka 1981 na 1987. Kwa wale waliohitaji insulini, sababu kuu ya vifo ilikuwa ketoasidosisi, hali ile ile ya ketoni kujaa kwenye damu inayomnyemelea mvaaji wa pampu ambayo kanula yake imekunjika usiku. Dawa yake inajulikana tangu mwaka 1922.

Siku pampu ikizima

Hoja ambayo kwangu inamaliza ubishi ni hii. Pampu ni mashine, na mashine huharibika. Ulaya, kampuni huleta nyingine mlangoni kesho yake. Anayeishi Tanga, Kisumu au Bukavu na pampu aliyoletewa na ndugu kutoka nje hana mlango huo. Skrini ikizima, viwango vyote vilivyopangwa kwa miezi vinazima nayo, na akaunti ya intaneti yenye nakala hufunguliwa kwa nywila aliyoisahau.

Daktari wa zamu atauliza: unatumia insulini ya msingi kiasi gani kwa siku? Uniti moja kwa gramu ngapi za wanga? Uniti moja hukushushia sukari kiasi gani? Mwenye majibu kwenye karatasi ataanzishiwa sindano usiku huo huo kwa dozi inayomfaa. Asiye nayo ataanzishiwa kwa kukisia.

Baada ya kupima pande zote, sioni sababu ya kumtaka mvaaji wa pampu aandike kila kitu kila siku. Aandike siku tatu au nne kamili kabla ya kliniki, kila anapobadili seti, na kila sukari inapofanya jambo asiloelewa. Kliniki nazo ziombe daftari hilo, zilisome mbele ya mgonjwa pamoja na mchoro wa mashine, na ziache kumgombeza kwa alichoandika.

Kama nyumbani kwako kuna mtu mwenye pampu, kaeni leo mfungue sehemu ya mipangilio. Nakilini dozi ya msingi ya kila saa na jumla yake ya siku, gramu za wanga kwa uniti moja, kiwango cha kusahihisha sukari ikiwa juu, sukari inayolengwa, aina ya insulini na namba ya simu ya daktari. Andikeni tarehe juu, na mnakili upya kila viwango vinapobadilishwa. Karatasi moja iwekwe pamoja na insulini ya muda mrefu na sindano za dharura, picha yake iwe kwenye simu ya mtu mwingine wa nyumbani, na watu wote wa nyumba hiyo wajue ilipo.